Seyyid Majid bin Said na Khiana ya Ndugu Zake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Adui wa nje hujulikana kwa upanga wake, na mtu hujikinga naye kwa boma na kwa mlinzi. Lakini khiana ya mtu wa nyumbani haina boma la kuizuia, kwa kuwa mlango hufunguliwa na mkono uleule uliopewa ufunguo. Ndipo wazee wakanena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Na aliyetendwa hivi hupatwa na misiba miwili. Wa kwanza ni lile jambo lenyewe alilofanyiwa. Wa pili ni kwamba hajui tena amwamini nani, hata chakula anacholetewa na mkewe hukitazama mara mbili. Watu wengi hupona msiba wa kwanza, kisha wakaangamia na wa pili.

Katika watawala wa pwani hii yuko mmoja aliyepatwa na misiba hiyo yote miwili, tena si mara moja, naye akaishi asiwe mtumwa wa uchungu wake. Huyo ni Seyyid Majid bin Said bin Sultan, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1856 mpaka mwaka 1870. Jina lake halikuwa geni hata mbali na bahari. Katika nchi ya Wayao, kwenye bonde la mto Ruvuma, pande hizo za Tunduru uliko mji wa Nalasi, misafara ilikuwa ikishuka kwenda Kilwa na pembe za ndovu na watumwa, na Kilwa ilikuwa chini ya dola yake. Kwa hiyo maisha yake si habari ya watu wa Unguja peke yao. Ni habari ya Bara pia, kwa jema lake na kwa baya lake.

NASABA YAKE NA MALEZI YAKE

Seyyid Majid alizaliwa kiasi cha mwaka 1834. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Oman na Unguja, naye alizaa watoto wengi kwa masuria mbalimbali. Watoto hao walikuwa sawa mbele ya sharia, kila mmoja mtoto wa baba yake kwa haki. Lakini kila mmoja alilelewa ubavuni mwa mama yake, na kila mama alikuwa na rafiki zake na mahasimu zake katika jumba. Hivyo watoto wa baba mmoja walikua wakiwa makundi, hawa wakipendana na wale wakitazamana kwa pembe ya jicho.

Mama yake Seyyid Majid alikuwa na suria mwenzake aliyempenda sana, jina lake Jilfidan, asili yake nchi ya Wacharkasi. Wanawake hao wawili waliagana kwamba mmoja wao akifa, aliyebaki atakuwa mama wa watoto wa mwenziwe. Mama yake Seyyid Majid akatangulia kufa. Basi kijana alipopata umri wa kuwa na nyumba yake, akahamia Beit el Watoro mjini Unguja pamoja na dada yake Bibi Khaduj, akamwomba Bibi Jilfidan aje akae nao, atimize ahadi. Naye akaja, akafuatana na binti yake mdogo, Salme, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844.

Hivyo Salme alilelewa kwa muda nyumbani kwa ndugu yake huyo aliyemzidi kama miaka kumi. Seyyid Majid alikuwa mtu mpole na mwenye moyo mwepesi wa kuhurumia, ingawa mwili wake ulikuwa dhaifu, kwani alikuwa na maradhi ya kifafa yaliyomshika mara kwa mara. Huyu binti akawa kwake kama mtoto na ndugu kwa pamoja. Baadaye Salme na mama yake walihamia Beit el Tani, wakae karibu na dada mwingine, Bibi Khole, aliyesifiwa kwa uzuri na kupendwa mno na baba yao. Mapenzi ya Salme tangu hapo yakagawanyika sehemu mbili, nusu kwa Seyyid Majid na nusu kwa Bibi Khole. Na moyo uliogawanyika hauna budi siku moja kuchagua.

KUTAWALA KWAKE

Mwaka 1854 alifariki Seyyid Khalid, aliyekuwa akishika mahali pa baba yao Unguja wakati mzee alipokuwa Oman. Seyyid Majid akawekwa mahali pake. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Mfunguo Tano mwaka 1273, nao ni Oktoba 1856, Seyyid Said mwenyewe alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, alipokuwa akirudi Unguja kutoka Maskat katika merikebu yake iitwayo Victoria. Aliyekuwa naye safarini ni mwanawe mwingine, Seyyid Barghash.

Hapo ndipo Seyyid Majid alipoonja khiana ya kwanza. Yeye alikuwa ametoka kwa chombo kwenda baharini kumlaki baba yake, asijue kwamba amekwisha kuwa maiti. Seyyid Barghash akaingia Unguja usiku, akaushusha mwili wa mzee wao na kuuzika kwa siri, akataka kuishika ngome kabla watu hawajajua habari. Hakufaulu. Asubuhi Seyyid Majid akarudi, akakuta baba amezikwa pasipo yeye, na ndugu yake alitaka kumpokonya nchi katika usiku uleule wa msiba.

Juu ya hayo hakumtendea ndugu yake ubaya. Alishika utawala, na Seyyid Barghash akabaki mjini katika nyumba yake, akila riziki yake kwa amani. Wako waliosema kwamba huo ni udhaifu. Lakini mtu aliyefiwa na baba juzi hafanyi haraka kumpoteza na ndugu.

Huko Oman nako ndugu mkubwa, Seyyid Thuwaini, alidai kwamba Unguja ni yake. Mapema mwaka 1859 alitayarisha merikebu na watu kuja kuishambulia, na Waingereza wakamzuia njiani na kumrudisha. Unguja ikapumua. Kumbe hatari iliyokuwa ikija kwa merikebu ilikuwa ndogo kuliko ile iliyokuwa ikishonwa mle mjini, nyumba chache kutoka jumba la mtawala.

KHIANA YA MWAKA 1859

Katika mwaka huo huo kipindupindu kiliingia Unguja, na Bibi Jilfidan akafa kwacho. Salme akabaki yatima wa baba na mama, naye hajatimiza miaka kumi na tano. Akamshikilia Bibi Khole kuliko mtu yeyote. Na Bibi Khole alikuwa amekwisha kukosana na Bibi Khaduj, aliyekuwa akisimamia jumba la Seyyid Majid. Ugomvi ulianza kwa maneno ya wanawake na mambo ya heshima, nani aketi wapi na nani aamkiwe kwanza. Lakini katika jumba la wafalme hakuna ugomvi mdogo. Seyyid Barghash aliuona ufa ule, akautia kabari.

Akakusanya watu waliokuwa na kinyongo na serikali, na wenye nguvu katika hao ni wakuu wa kabila la Waharthi. Akamvuta Bibi Khole, na Bibi Khole akamvuta Salme. Wakaingia pia Bibi Meje, dada yake Seyyid Barghash, na wapwa wawili mabinti wa marehemu Seyyid Khalid, na kijana mdogo Seyyid Abdulaziz. Watu wote hawa walikuwa damu moja na Seyyid Majid, nao walikutana usiku kupanga namna ya kumwondosha.

Salme alikuwa na ilimu ambayo mabinti wa jumba hawakuwa nayo. Tangu udogoni alijifunza kuandika kwa siri, kwa kuyafuatisha maandishi ya Msahafu. Basi akawa ndiye katibu wa njama. Yeye ndiye aliyeandika barua za kuita wakuu, za kutaka silaha na baruti. Yule binti aliyelelewa katika nyumba ya Seyyid Majid sasa alikuwa akiishika kalamu dhidi yake.

Habari hazikukaa ndani. Serikali ikajua, na nyumba ya Seyyid Barghash ikazungukwa na askari wa Kibulushi, watu wasitoke wala wasiingie, hata maji na chakula vikawa shida kwa waliomo. Hapo wanawake wakafanya jambo ambalo halijapata kusikiwa mjini. Usiku mmoja Bibi Khole na Salme walitoka na wafuasi wao, wakaenda moja kwa moja mpaka kwa askari, wakajijulisha ni kina nani, wakataka wapishwe waingie kuwaona jamaa zao. Mkuu wa askari akatahayari kuwazuia mabinti wa Seyyid Said, akawapisha. Walipotoka, walikuwa na mtu mmoja zaidi, amevikwa nguo za kike, mwili wote umefunikwa ila macho. Huyo alikuwa Seyyid Barghash.

Akakimbilia shamba, mahali paitwapo Marseilles, lililokuwa shamba la marehemu Seyyid Khalid, na wafuasi wake wakajitia bomani humo. Seyyid Majid akatoka na jeshi, akisaidiwa na Waingereza, ambao balozi wao wakati huo alikuwa Rigby. Ikapigwa mizinga, watu wakafa wengi, mali ikaharibika. Seyyid Barghash akaponyoka usiku, akarudi kujificha katika nyumba yake mjini. Waingereza wakaleta askari wao wa manowari, wakaipiga risasi nyumba ile, naye akaomba amani. Haya yalikuwa mwezi wa Oktoba 1859, na Salme alikuwa na miaka kumi na tano.

HUKUMU YA SEYYID MAJID

Siku ya ushindi ndiyo siku ya mtihani. Mtu aliyedhulumiwa akiwa hana nguvu, subira yake haijulikani kama ni subira au ni kushindwa. Hujulikana siku ile anayoweza kulipiza.

Seyyid Majid sasa aliijua njama yote. Alijua ni mkono gani ulioandika barua, na ni dada gani aliyemtoa adui yake mbele ya macho ya askari. Palikuwa na watu waliotaka mabinti wale waadhibiwe. Nao walikuwa na hoja, kwani damu ya watu ilikuwa imemwagika.

Naye alihukumu hivi. Yule aliyekuwa kichwa cha vita aliondoshwa nchini. Seyyid Barghash alipelekwa Bombay, na kijana Seyyid Abdulaziz akafuatana naye. Baadhi ya wakuu wa Waharthi wakatiwa kifungoni. Mkono uliokuwa na silaha ukanyang'anywa silaha. Lakini dada zake hakuwagusa. Hakuwafunga, hakutwaa mashamba yao wala nyumba zao, hakuwavunjia heshima mbele ya watu. Salme mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, alikiri kwamba wao walistahili adhabu, na kwamba lililowaokoa ni ukarimu wa ndugu yao.

Adhabu yao ilitoka upande mwingine. Watu waliokuwa wakijaa barazani kwao walikoma kuja. Nyumba zikawa kimya. Salme akahama mji, akaenda kukaa shamba Kisimbani, kisha Bububu karibu na pwani, mwenye majuto na upweke.

Na jambo hili la kutenga hukumu na udugu lina asili yake katika dini. Sayyidna Abubakar, Mungu amwie radhi, alikuwa na jamaa yake maskini aitwaye Mistah bin Uthatha, ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimlisha. Binti yake, Bibi Aisha, alipozuliwa uongo, Mistah huyu alikuwa miongoni mwa walioutembeza. Mtu aliyekula chakula cha nyumba aliitia doa heshima ya nyumba. Imepokewa kwamba Mistah alipigwa mijeledi kwa kosa la uzushi, na Sayyidna Abubakar akaapa kwamba hatampa tena kitu. Ndipo ikashuka Aya ya ishirini na mbili ya Suratun Nur, kuwakataza wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa zao, na kuwataka wasamehe. Sayyidna Abubakar akarudisha posho ya Mistah kama ilivyokuwa. Hapa msomaji ataona kwamba kusamehe hakukuifuta adhabu, wala adhabu haikuukata udugu. Kila kimoja kilipita katika njia yake.

KUPONA KWAKE

Baada ya miaka kama miwili Seyyid Majid alimruhusu Seyyid Barghash arudi Unguja. Huyu ni mtu aliyetaka kumpokonya nchi mara mbili, na mara ya pili kwa vita. Alirudi akakaa mjini kimya, akingoja ajali yake.

Na Salme pia alipatana na ndugu yake. Balozi wa Kiingereza alikuwa akiitaka nyumba ile ya Bububu, na Seyyid Majid akamwomba Salme aiache. Salme akakubali pasipo ubishi, akarudi mjini, na hapo wakaanza kuonana na kutembeleana tena kama zamani. Suluhu hii haikuwa na mkutano wala mashahidi. Ilianza kwa ombi dogo lililokubaliwa. Aliyekasirika ni Bibi Khole, ambaye aliona kwamba Salme kumrudia Seyyid Majid ni kumwacha yeye. Ndivyo ilivyo mara nyingi, mtu akitaka kupatana na aliyemkosa, huona kwamba washirika wake katika kosa hawafurahi.

Katika miaka hiyo Seyyid Majid hakukaa akihesabu majeraha yake. Mwaka 1861 mgogoro wake na Seyyid Thuwaini ulikatwa kwa hukumu ya Lord Canning, mkuu wa Waingereza huko Bara Hindi. Unguja ikatengana na Oman, na Seyyid Majid akatakiwa alipe riale 40,000 kila mwaka. Lilikuwa tozo zito. Lakini kwa tozo hilo ndugu wawili walikoma kupigana. Kisha kati ya mwaka 1865 na 1866 akaanza kujenga mji mpya Bara, katika bandari tulivu karibu na kijiji cha Mzizima, akauita Dar es Salaam. Akajenga jumba lake, akaita wafanya biashara. Ni mji huo ambao baadaye ukawa mkubwa kuliko miji yote ya Tanzania.

Mwaka huo wa 1866 alipita Unguja msafiri David Livingstone, na Seyyid Majid akampa barua ya kumsaidia njiani. Livingstone akashuka Mikindani, akafuata bonde la Ruvuma, na mwezi wa Julai akafika Mwembe kwa Mataka, mkuu wa Wayao, ng'ambo ya mto. Hivyo barua ya Seyyid Majid ilisafiri nchi hizo za Ruvuma katika mkono wa mgeni.

Mwezi mmoja tu baadaye, Agosti 1866, Salme alitoroka Unguja usiku katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden. Alikuwa amependana na mfanya biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, jirani yake. Huko Aden, mwezi wa Mei 1867, aliacha dini yake akabatizwa, akaolewa siku hiyo hiyo, kisha wakasafiri mpaka Hamburg.

Kwa Seyyid Majid hili lilikuwa jeraha la pili kutoka kwa dada yuleyule aliyekwisha kumsamehe, tena zito kuliko la kwanza, kwa kuwa sasa aliyeachwa si ndugu peke yake bali ni dini na jamaa na nchi. Mji wote ulikuwa ukilizungumza. Yule Mjerumani alibaki Unguja miezi kadhaa akimaliza mambo ya biashara yake, naye alikuwa katika mkono wa Seyyid Majid. Kwa maelezo ya Salme mwenyewe, hakuguswa. Tena Salme ameandika kwamba baadaye alipata habari kuwa ndugu yake huyo alimpelekea zawadi mpaka Hamburg, nazo hazikumfikia. Seyyid Majid hakukubali alilolifanya dada yake, wala haikumpasa kukubali. Lakini hakutaka kumwongezea mtu aliyepotea nyumbani mzigo wa kuwindwa.

MWISHO WAKE, NA WALIOBAKI

Seyyid Majid alifariki mwezi wa Rajabu mwaka 1287, nao ni tarehe 7 Oktoba 1870, umri wake kiasi cha miaka 36. Hakuacha mtoto wa kiume. Alikuwa na binti, Bibi Khanfora, ambaye baadaye aliolewa na Seyyid Hamoud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896. Aliyekalia kiti cha Seyyid Majid ni Seyyid Barghash, yuleyule wa usiku wa maziko na wa boma la Marseilles. Alitawala mpaka mwaka 1888, na katika utawala wake Unguja ilipata mambo mengi ya maendeleo.

Na Salme, mumewe alikufa Hamburg kwa ajali mwaka 1870, akaachwa na watoto watatu katika nchi ya ugenini. Akatamani kupatana na ndugu aliyebaki. Akaja Unguja mwaka 1885, na Seyyid Barghash alikataa kumwona; akaja tena mwaka 1888, Seyyid Barghash akiwa amekwisha kufa. Haki isemwe, Seyyid Barghash alikuwa na sababu. Dada huyu alikuwa ameacha Uislamu, na mwaka 1885 alikuja pamoja na manowari za Wajerumani, wakati Wajerumani wanainyang'anya dola yake nchi za Bara. Lakini ni yeye pia aliyetolewa na dada huyo katika mikono ya askari, kwa kuhatarisha maisha yake, naye aliyesamehewa vita nzima na ndugu aliyemtangulia. Kusamehewa hakumfanyi mtu kuwa msamehevu. Msamaha hutolewa kwa ajili ya Mungu, na atakayeutoa akingojea kulipwa na aliyemsamehe, atangoja sana. Salme alikufa Ujerumani mwaka 1924, na katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao.

LA KUZINGATIWA

Wasifu wa mtu aliyekufa hauwi kweli mpaka litajwe na lililopungua. Seyyid Majid alishinda mwaka 1859 kwa msaada wa Waingereza, na msaada huo ulikuwa deni. Kila ndugu wa nyumba ile aliyemwita mgeni amhukumie na nduguye, alimwachia mgeni mlango wazi, na mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Na hasara ya ndugu waliokhiniana hailipwi na wao peke yao, hulipwa na watoto wao na raia zao.

La pili ni zito zaidi. Mtawala huyu aliyekuwa na huruma nyingi kwa watu wa nyumba yake, hazina yake ilikula ushuru wa watumwa. Maelfu kwa maelfu ya watu walipitishwa Kilwa kila mwaka, na wengi walitoka katika nchi za Ruvuma na za ziwa Nyasa. Katika hao wako waliouzwa na jirani zao, na wako waliouzwa na jamaa zao wenyewe. Huko Nalasi na vijiji vya jirani zake khiana ya mtu wa karibu ilikuwa ni kamba shingoni. Msamaha uliotolewa katika jumba la Unguja haukufika kwa mtu yule aliyefungwa kamba. Msomaji wa Bara akiyakumbuka haya anaposikia sifa za Seyyid Majid, hakosi. Jema la mtu huchukuliwa likafuatwa, na baya lake hutajwa likaepukwa.

Na jema la kufuatwa ni hili. Aliyekhiniwa na mtu wake wa karibu ana kazi tatu, na kila moja ina wakati wake. Ya kwanza ni kuzuia madhara, kwa maana kusamehe huku mwizi angali na ufunguo si msamaha, ni kujisahau. Seyyid Majid alimwondosha Seyyid Barghash nchini kwanza, ndipo akamrudisha. Ya pili ni kuuacha mlango wa udugu bila kufuli, kwa sababu aliyekosa huenda akarudi siku asiyotazamiwa, kwa jambo dogo kama nyumba ya Bububu, na akikuta mlango umepigwa misumari hana pa kuingilia. Ya tatu ni kushika kazi. Mtu aliyeumizwa akikaa barazani akilisimulia jeraha lake kila siku, kidonda hakifungi. Seyyid Majid katika miaka ya majeraha yake alijenga mji.

Wala kupona si kusahau. Hakuna habari kwamba alisahau. Watu wa nyumba ile walizikumbuka mpaka wakazee mizinga ya Marseilles na vilio vyake. Kupona ni kwamba jambo lile lisiwe ndilo linaloamua neno atakalosema mtu kesho, na mkono atakaounyosha au kuurudisha. Hilo laweza kufanywa na mwenye dola, na laweza kufanywa na mvuvi, na mkulima wa Nalasi katika shamba lake, aliyekuta kwamba ndugu yake wa tumbo moja ameuza kilicho chake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Seyyid Majid bin Said, amsamehe yaliyopungua, awasamehe na nduguze waliotangulia, na awaponye nyoyo wote waliokhiniwa na watu wao. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.